Nyumba Zikigeuka Fremu na Maghala: Mwongozo Kamili wa Kupima Foleni ya Mtaa Wako, Mbeya

Foleni ikishafika Mwanjelwa, kila mtu ana wa kumlaumu. Abiria anamlaumu dereva wa daladala, dereva anamlaumu bajaji, bajaji anasema malori ya Zambia ndiyo yameziba, na wote kwa pamoja wanaisubiri barabara ya njia nne. Mimi naishi Ilomba, na kazi imenikalisha kando ya barabara na daftari la kuhesabia magari kwa miaka mingi. Ninachokiona ni kwamba foleni nyingi huanzia ndani ya viwanja. Nyumba ya familia moja ikivunjwa, pakajengwa fremu kumi za maduka, barabara iliyo mbele yake haijapungua hata sentimita, ila imebebeshwa kazi ambayo aliyeichora hakuifikiria.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mwanafunzi wa mipango miji, au mkazi anayetaka kwenda halmashauri na karatasi yenye tarakimu. Huhitaji programu yoyote ya kompyuta. Tafuta watu wanne wanaoaminika, saa, madaftari, na futikamba ya mita 50.

Kabla hujaanza: umbo la mji wenyewe

Mbeya ilianza mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa, na imelala bondeni. Kaskazini kuna Loleza na safu ya milima ya Mbeya, kusini-mashariki kuna Uporoto. Barabara ya TANZAM, ile kuu inayokwenda Zambia, na reli ya TAZARA zinalifuata bonde hilohilo. Kwa hiyo mji umenyooka kama utepe kutoka Uyole hadi kuelekea Mbalizi, na njia mbadala ni chache. Mtu wa Itezi anayekwenda Kabwe, lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma, na ndizi zinazopanda kutoka Tukuyu na kuingilia Uyole, wote wanakutana kwenye lami moja.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 540,000. Nyumba mpya nyingi ziliota pembezoni, kulikokuwa na mashamba ya mahindi, lakini soko, hospitali na ofisi zikabaki kulekule. Kwa hiyo usitazame viwanja vinavyopakana na foleni peke yake. Shamba lililopimwa viwanja upande wa Isyesye linaweza kuwa ndilo linaloongeza magari Mwanjelwa saa moja asubuhi.

Hatua ya 1: Chora ramani mbili, ya zamani na ya sasa

Chagua kipande cha barabara kisichozidi kilomita moja, chenye njia panda moja au mbili. Ukichukua kirefu zaidi utachoka njiani na kazi itaishia nusu.

Ramani ya sasa utaichora kwa miguu. Tembea upande mmoja, rudi kwa mwingine, na kila kiwanja ukipe namba na tumizi lake halisi unaloliona: nyumba ya kuishi, fremu ngapi, gereji, gesti, baa, shule, kanisa, ghala, sehemu ya kuoshea magari. Mbele ya kila kiwanja andika mambo matatu: geti linafungukia barabara ipi, magari mangapi yanaweza kuegeshwa ndani ya uzio, na mzigo unashushiwa wapi. Hili la tatu wengi hulisahau, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Ramani ya zamani ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni ramani ya mipango miji ya eneo lenu, inayoonyesha kila kiwanja kilipangiwa nini. Iombe kwa maofisa mipango miji wa halmashauri. Cha pili ni picha za satelaiti za miaka iliyopita, ambazo Google Earth inakuruhusu kuzirudisha nyuma mwaka baada ya mwaka. Utaona bati jipya linavyoongezeka, ua unavyofunikwa, na miti inavyotoweka. Wazee wa mtaa nao waulize, wanakumbuka nani aliuza na nani alinunua, ila majibu yao yapitishe kwenye picha.

Ukimaliza, hesabu viwanja vilivyobadilika na uviweke katika makundi mawili: vilivyobadilishwa kwa kibali, na vilivyobadilika vyenyewe kimyakimya. Kundi la pili litakuwa kubwa. Usilitumie kuwachongea majirani. Mama aliyegeuza sebule kuwa duka la rejareja anasomesha watoto kwa duka hilo, na safari zake karibu zote ni za miguu.

Hatua ya 2: Jua kila tumizi linaita nani, kwa chombo gani, saa ngapi

Wahandisi wa Chicago walipoanza utafiti wao mkubwa wa safari mwaka 1955, waliorodhesha matumizi ya ardhi ya jiji zima sambamba na safari za watu, wakazihesabu safari kama kitu kinachozalishwa na ardhi. Mpaka leo mafundi wa usafiri wanauliza maswali manne kwa mfuatano: kiwanja kinazalisha safari ngapi, zinakwenda wapi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi. Kwa kazi ya mtaa ongeza la tano, nalo ni chombo kinasimama wapi kikifika.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, tarakimu ni za kujifunzia. Viwanja vinne vya makazi vimeunganishwa, pamejengwa shule ya msingi yenye wanafunzi 400. Watoto 120 wanaletwa na magari ya wazazi, wawili kwa kila gari, hayo ni magari 60. Wengine 120 wanakuja kwa bajaji, watatu kila moja, hizo ni bajaji 40. Mia moja wanaletwa na Kosta nne za shule, na 60 wanatembea. Jumla ni vyombo 104, na kila kimoja kinaingia na kutoka, hivyo geti linaona mizunguko 208. Zile nyumba nne zilikuwa zikitoa labda magari manne asubuhi nzima.

Wingi huo bado haujawa foleni. Foleni inategemea muda wa kusimama. Kama vyombo 104 vinafika ndani ya dakika 40, ni wastani wa 2.6 kwa dakika. Mzazi akitumia dakika tatu kumshusha mtoto, kumfunga sweta na kumsalimia mwalimu, basi kila wakati kuna vyombo karibu 8 vimesimama (2.6 mara 3). Kila kimoja kikichukua mita 6, hiyo ni mita 48 za barabara zimezibwa. Punguza muda wa kusimama uwe dakika moja, na wanaosimama wanashuka hadi wawili au watatu. Shule ni ileile na watoto ni walewale. Hesabu hii ndogo inafaa kwa duka la jumla, zahanati, kanisa, hata kijiwe cha bajaji.

Maghala yana tabia nyingine. Safari zake ni chache, lakini kila moja ni nzito na ndefu. Nilikaa asubuhi moja ya Juni mbele ya kiwanja ambacho zamani kilikuwa nyumba yenye mparachichi getini. Baridi ilikuwa ya kuvaa makoti mawili. Semi ilifika na mahindi, na geti lilikuwa lilelile la nyumba, pana kwa gari dogo. Utingo alishuka, akasimama katikati ya barabara akapiga bodi kwa kiganja: "Rudi, rudi, kata kushoto, simama!" Dereva alirudi mara tano. Saa yangu ilisoma dakika nne na nusu. Upande wa Uyole daladala saba zilikuwa zimesimama, abiria wawili wakashuka wakaamua kutembea, na bodaboda zikapanda juu ya mtaro walipokuwa wakipita wanafunzi. Lori moja tu. Ukihesabu magari yaliyopita asubuhi ile, lile lingekuwa mstari mmoja kwenye daftari.

Na lori linafanya jambo jingine ambalo halionekani siku hiyo. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami unakua takribani kwa uzito wa ekseli ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani 1 haiharibu mara kumi zaidi, inaharibu kama mara elfu kumi. Barabara ya mtaa iliyojengwa kwa ajili ya magari madogo, ikipata ghala, inabomoka kwa misimu michache ya mvua, na mashimo yanapunguza mwendo wa kila mtu.

Hatua ya 3: Hesabu magari, na uyahesabu siku sahihi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mbeya ina misimu, na tarakimu za Machi hazifanani na za Julai. Kuanzia Mei na Juni mpunga wa Usangu na mahindi huanza kuingia sokoni, na maghala yanafanya kazi usiku na mchana. Tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya maonyesho ya Nanenane vinavuta mji mzima upande wa Uyole. Januari shule zinafunguliwa. Usihesabu wiki ya Nanenane halafu ukaiita hali ya kawaida. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi ya wiki ya kawaida ya shule, kisha ongeza siku moja ya gulio au ya mavuno, na uandike wazi kuwa ni ya aina hiyo.

Anza saa kumi na mbili asubuhi, maliza saa kumi na mbili jioni, na ugawe daftari kwa dakika kumi na tano kumi na tano. Kama huna watu wa kutosha, hesabu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni. Kila mtu apewe upande mmoja tu wa kuhesabu, na safu za aina hizi: bodaboda, bajaji, gari dogo, kirikuu na pikapu, daladala na Kosta, basi kubwa, lori la kawaida, semi. Baiskeli, mikokoteni na waenda kwa miguu wawe na ukurasa wao. Kwenye njia panda mtu mmoja ahesabu wanaokata kulia peke yao, kwa sababu anayekata kulia anasimama katikati akisubiri nafasi, na nyuma yake wote wanasimama.

Badilishaneni kila baada ya saa mbili. Macho yanachoka, na mhesabuji aliyechoka anaziacha bodaboda.

Kisha badilisha kila chombo kiwe sawa na magari madogo. Kwa kazi ya mtaa mimi natumia hivi: bodaboda 0.4, bajaji 0.8, gari dogo na kirikuu 1, Kosta 1.5, basi kubwa na lori 2, semi 3. Nchi na nchi zina viwango vyake, na mhandisi anaweza kukurekebisha. La muhimu ni kutumia vilevile siku zote, ili hesabu ya mwaka huu ilingane na ya mwaka kesho. Ile shule ya mfano, kwa vipimo hivi, inaingiza 60 + 32 + 6, yaani 98, na kutoa 98 nyingine.

Hatua ya 4: Watenge wapita njia na wenyeji

Kwenye TANZAM usipofanya hili utadanganyika. Mtu mmoja akae mwanzo wa kipande chako, mwingine mwisho, saa zao zikiwa zimelinganishwa, na kila mmoja aandike tarakimu tatu za namba ya gari pamoja na dakika aliyoliona. Chukueni gari moja katika kila matano mkishindwa kuyafikia yote, lakini mkubaliane kigezo, kwa mfano namba zinazoishia na 0 au 5. Jioni linganisheni. Gari lililopita pande zote mbili kwa muda wa kawaida ni mpita njia. Lililoingia na halikutoka limevutwa na kiwanja fulani cha mtaani.

Jibu linaelekeza dawa. Kama wengi ni wapita njia wa mbali, mazungumzo yenu ni ya barabara ya mchepuo na upanuzi, ambayo ni mambo ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, na ya bajeti ya taifa. Kama wengi wanaingia viwanjani, kupanua barabara kutawapa nafasi kubwa zaidi ya kusimama, na baada ya muda fremu nyingine zitaifuata lami. Naunga mkono njia nne kati ya Uyole na Ifisi kwa moyo wote, mji uliihitaji miaka mingi. Ninachohofia ni njia ya nje ya kila upande kugeuka maegesho ya fremu.

Hatua ya 5: Pima barabara inapoteza uwezo wapi

Magari yakiwa yamepanga foleni na mbele pakafunguka, kila gari dogo linapita baada ya sekunde mbili hivi. Hiyo ni kama magari 1,800 kwa saa kwa njia moja isiyo na kizuizi. Sasa kaa mbele ya kituo kisicho na sehemu ya kuchepukia, na saa mkononi, ujumlishe sekunde ambazo njia imezibwa na daladala inayoshusha, bajaji inayosubiri, mkokoteni, au gari linalorudi nyuma kutoka mbele ya fremu. Ikizibwa sekunde 20 katika kila dakika, theluthi ya uwezo imeondoka, zimebaki 1,200.

Chukua magari uliyohesabu ndani ya saa moja, yakiwa yamebadilishwa kama kwenye Hatua ya 3, uyagawe kwa uwezo uliobaki, unapata kiwango cha ujazo. Hapa watu wengi hushangaa. Katika hesabu rahisi kabisa ya foleni, barabara ikiwa imejaa nusu, magari yanayosubiri au kupita mbele yako ni wastani wa 1. Ikijaa asilimia 80 ni 4, asilimia 90 ni 9, asilimia 95 ni 19. Ndiyo sababu mtaa unaishi na fremu thelathini bila shida, halafu ikiongezwa sheli au ukumbi wa harusi, kila kitu kinasimama, na mwenye ukumbi anaapa kwamba wageni wake ni wachache. Anasema kweli. Amefika barabara ikiwa imeshajaa asilimia 90. Nikikuta ujazo umepita asilimia 85, naanza kuandika barua.

Hatua ya 6: Jifunze kwa mabadiliko makubwa ya mikoa yetu

Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, wafanyabiashara walitawanyika, wengi wakaenda eneo la SIDO. Magari, mikokoteni na wabeba mizigo waliwafuata, na njia zilizokuwa tulivu zikawa za soko. Uwanja wa ndege ulipohamia Songwe mwaka 2012, safari za abiria wa ndege zilihama kutoka ndani ya mji zikalala upande wa Mbalizi.

Iringa ina somo jingine. Mji uko juu mlimani, TANZAM inapita chini Ipogolo, na stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilitolewa katikati ya mji ikapelekwa Igumbilo. Mabasi makubwa yaliacha kuupanda mlima, na hilo ni jema. Lakini abiria bado anakwenda mjini, hivyo safari moja ya basi lenye watu hamsini inageuka kuwa safari nyingi za daladala na bajaji zinazopanda. Mtaa wako ukipangiwa kuhamishiwa stendi, soko au mnada, uliza mapema: vyombo vya kuwaleta watu vitapita wapi, na vitageuzia wapi?

Hatua ya 7: Chagua dawa, ukianzia iliyo rahisi

Geti kwanza. Kiwanja cha kona chenye geti kwenye barabara kuu kinaweza kuhamishia geti kwenye mtaa wa pembeni, na hiyo ni kazi ya matofali na siku chache. Ghala lipanuliwe geti hadi lori liingie kwa mbele na kugeuzia ndani. Muda wa kushusha mzigo ukubaliwe kwa maandishi: kabla ya saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa mbili usiku. Shule ziwe na lango la kuingilia na la kutokea, na mtu wa kupokea watoto, ili mzazi asizime gari.

Vituo vya daladala visogezwe mbele ya njia panda, baada ya kuivuka, na vichimbiwe sehemu ya kuchepukia. Vijiwe vya bajaji msiviondoe kwa mgambo. Kaeni na viongozi wa kijiwe, mpime pamoja mita zinazohitajika, mwachieni anayesubiri abiria eneo lake lenye kivuli. Nimeona vijiwe vilivyofukuzwa vikirudi ndani ya wiki, kwa sababu abiria hawakuhama.

Kinachofuata ni kuunganisha mitaa. Katika makazi yaliyojipanga yenyewe, mara nyingi nyumba mbili za jirani haziwezi kufikiana kwa gari bila kutoka hadi barabara kuu. Zoezi la urasimishaji likija mtaani kwenu, huo ndio wakati wa kudai njia zinazounganika, maana uzio ukishajengwa kuurudisha ni fidia na kesi. Kwenye barabara kuu pimeni pia hifadhi ya barabara, ambayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007. Ndani yake ndiko barabara ya huduma inakoweza kupita, ikibeba fremu zote na kuingia njia kuu sehemu moja.

Hatua ya 8: Ipeleke karatasi panapohusika

TANZAM na barabara za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Njia na vituo vya daladala vinagusa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Matumizi ya kiwanja ni ya halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Malalamiko yakipelekwa ofisi isiyohusika yatalala huko mwaka mzima.

Anzeni na mkutano wa mtaa, muhtasari usainiwe, upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ufike halmashauri. Ambatanisha karatasi tatu tu: ramani mbili zikiwa upande kwa upande, jedwali la saa iliyojaa zaidi, na ukurasa mmoja wa mapendekezo. Kukiwa na ombi jipya la kubadili matumizi ya kiwanja, msisubiri msingi uchimbwe. Ulizeni kwa maandishi vyombo vingapi vinatarajiwa saa ya asubuhi, vitaegeshwa wapi ndani ya uzio, mzigo utashushiwa wapi, na geti litafungukia upande gani. Mwombaji mwenye mchoro mzuri anajibu hayo kwa dakika kumi.

Hatua ya 9: Rudini kuhesabu

Baada ya miezi sita, msimu uleule kama inawezekana, kaeni palepale, na safu zilezile. Geti la ghala nililolisimulia lilipanuliwa hatimaye, baada ya barua mbili na kikao kimoja kirefu na mwenye ghala, ambaye alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilirudi na saa yangu. Semi iliingia kwa mbele, utingo hakushuka, na ilichukua sekunde 35.